Kupanda Posta na Mama Mkwe

Kwa muda mrefu niliamini, tena niliamini kuliko nilivyowahi kuamini jambo lolote lililoandikwa ubaoni, kwamba mwanamume akigusana mkono na mama mkwe wake, mtoto aliye tumboni mwa mkewe hupata habari papo hapo. Huona aibu. Hugeuza uso akatazama mgongo wa mama yake, akalala kimshazari kama mtu aliyenuna kitandani, na akagoma kutoka mpaka aombwe radhi kwa kuku mweupe.

Habari hiyo niliipata Lindi mjini, shule ya jioni, nilikosomea kidato cha nne nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na magoti yasiyoenea chini ya dawati. Jirani yangu wa dawati alikuwa muuza kahawa. Siku niliyomwambia nimeposa kwenye milima ya Umatumbi, aliweka kalamu chini, akaniuliza kama najua nilichojitafutia. Akanieleza yote hayo kwa uso mkavu, hadi rangi ya kuku. Yeye alikuwa mtani wa Wamatumbi, na mtu yeyote wa kusini anajua kwamba mtani akikwambia nje kunanyesha, unatoa kwanza mkono dirishani uhakikishe. Lakini mimi ni mtoto wa Rasbura, mtaa wa mjini hapohapo. Utani nilikuwa nauona misibani tu, watani wakizuia jeneza mpaka wapewe chochote, nikidhani mambo yao yanaishia hapohapo. Nilimwamini yule bwana kama mwalimu. Bora hata mwalimu, nilikuwa namwuliza maswali.

Basi nikaoa. Kazi yangu ni ufundi wa mashine za kukoboa mpunga, na kule ukweni, milimani juu ya Kinjumbi, palikuwa na mashine iliyokufa na hapakuwa na wa kuifufua, kwa hiyo nikahamia. Nyumba yetu na ya mama mkwe zinatazamana, ua ni mmoja. Baba mkwe alikuwa ameshafariki kabla sijaijua njia ya kwao. Tukawa watatu: mke wangu, mama yake, na mimi, niliyekuwa nikiishi kama mtu anayepita kila siku chini ya mzinga wa nyuki.

Heshima ya mkwe ipo, sikuitunga mimi. Kwa watu wa kule, mama mkwe hamtazami mkwewe usoni, na akiwa na la kumwambia humpitishia mtu mwingine. Mke wangu ndiye alikuwa redio yetu. Asipokuwepo, mama alizungumza na chochote kilichokuwa karibu. "Nyie kuku," angesema, "chakula kipo, mwenye kula ale kabla hakijapoa." Mimi nami ningewashukuru kuku. Nikimwamkia shikamoo, marahaba yangu ilikwenda kwanza kwa mbuzi ndipo inifikie. Yote hayo ni ya kawaida. Ila mimi niliyazidisha mara elfu. Akiweka sahani chini, nilingoja aingie jikoni kabisa ndipo niinue. Tukikutana mlangoni, nilizunguka nyumba nzima, hata kama mvua inanyesha mawe. Kijiji kizima kilisema hakijapata kuona mkwe mwenye adabu kama yule wa Lindi. Kumbe yule wa Lindi alikuwa anamkimbia kuku mweupe.

Miaka ikapita salama. Halafu mke wangu akashika mimba, na siku moja ya mvua mama akawa anatoka jikoni na beseni la muhogo, akateleza kwenye tope. Beseni likaruka, nikalidaka. Alipolipokea, vidole vyetu vikagusana. Viwili, labda vitatu. Nilihisi umeme wa kuwasha mji wote wa Lindi na vitongoji vyake. Nikaenda nyuma ya nyumba nikanawa mikono kwa majivu, kana kwamba jambo lenyewe lilikuwa la masizi.

Mke wangu alipokwenda tena kliniki, akaambiwa mtoto amelala kimshazari, asithubutu kujifungulia nyumbani.

Kimshazari. Neno lilelile la muuza kahawa. Tangu hapo usingizi ulinihama. Sikumwambia mke wangu, sikumwambia mtu. Tulimpeleka Lindi mapema, akae kwa dada yangu Rasbura, karibu na hospitali, nami nikarudi kumalizia kazi ya mashine nipate kumfuata. Masika yakanitangulia. Mto ulifurika, ukachukua daraja la magogo, barabara ya kwenda pwani ikakatika, na nusu ya kijiji ikabaki ng'ambo mashambani haiwezi kurudi.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imepumzika kidogo. Nilikuwa nachota maji kwa kata simu ikalia, ujumbe wa dada. Ulikuwa hivi: uchungu umeanza, mtoto hajageuka, daktari anataka kumpasua sasa hivi, lakini mkeo amekataa kuweka sahihi mpaka asikie sauti ya mama yake. Pigeni. Mwisho akaandika tena peke yake: Pigeni.

Nikapiga. Kimya. Mnara wetu ulikuwa umeshazimika, kama ulivyo mtindo wake kila ikipiga radi; ulikuwa umetema ujumbe ule mmoja ukalala.

Hapo lazima nieleze kwa nini mke wangu alikataa. Shangazi yake aliwahi kuingia chumba cha upasuaji akiongea, akatoka amefunikwa shuka. Mke wangu alikuwa binti mdogo, alikuwepo pale koridoni. Tangu hapo, kisu cha hospitali kwake ni kitu kimoja na kaburi. Najua alivyo akishikilia jambo. Dada yangu, ambaye anaweza kumbembeleza hata mamba, alikuwa ameshindwa.

Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Hapakuwa na mtu wa tatu. Nikakigeukia kinu, nikakisomea kinu ujumbe wote, neno kwa neno. Ungo ukaanguka. Mama hakulia, hakuuliza. Aliingia ndani akatoka amejifunga khanga kibwebwe, mkononi ana panga, akawaambia kuku: "Tunapanda Posta."

Posta ni kilele cha mlima ulio nyuma ya kijiji. Hakuna posta. Kuna jabali tambarare linalotazama bahari, na jabali hilo linanasa mtandao wa minara ya pwani hata wa kwetu ukiwa umekufa. Watu walio na shida hupanda kupiga simu, wakishuka wanasema wametoka Posta. Lakini hupanda kiangazi. Masika hapandi mtu, maana njia inapita kwenye mawe ya chokaa ambayo yakilowa yanakuwa kama yamepakwa sabuni, na mahali pengine njia si njia, ni ahadi tu.

Tulipomaliza shamba la mikorosho likazuka swali ambalo shule ya jioni haikunifundisha: nani atangulie? Mlima ule umesimama wima kama ukuta wa boma. Mama akitangulia, mimi nitakuwa chini yake, na kila nikiinua macho kutafuta pa kukanyaga nitakuwa namtazama mama mkwe wangu kwa nyuma. Nikitangulia mimi, sijui njia. Mama naye aliligundua hilo, nikamwona amesimama. Akauambia mkorosho:

"Mwenye simu atangulie. Akipotea ataambiwa."

Nikatangulia, fimbo mkononi. Simu nilikuwa nimeifunga kwenye mfuko wa chumvi, nikaisokomeza kifuani ndani ya shati. Ukungu ulikuwa umelala juu ya miti, kilele hakionekani. Mwanzo ulikuwa msitu wa mianzi, na udongo mwekundu uliokuwa ukiniruhusu kupanda hatua mbili ili unirudishe tatu. Kwa hesabu hiyo nilipaswa kuwa Kinjumbi. Nyuma yangu nilisikia panga likikata vijiti, pumzi za mama zikiwa zimetulia kama anatoka dukani, na maelekezo yake yakinifikia bila anwani.

"Mtu apite kulia kwa jiwe jeupe."

Nikapita kulia.

"Mtu asishike hiyo, ni upupu."

Nilikuwa nimeshashika. Kwa muda uliofuata mkono wangu wa kushoto uliwasha kiasi kwamba ungeweza kuchemsha chai ya harusi. Lakini sikuthubutu kusimama kujikuna. Kila nikisimama niliuona ule ujumbe, lile neno la mwisho lililosimama peke yake.

Mvua ikarudi tulipofika kwenye mawe. Si ya kutisha, ni ile ya manyunyu inayolowesha taratibu, lakini ilitosha. Yeboyebo zangu zilianza kunisaliti, nikazivua nikazitundika kwenye tawi. Nadhani ziko huko mpaka leo, na tumbili wanazigombania. Fimbo nikaichomeka mgongoni kwenye mkanda, tukapanda kwa mikono na miguu. Mahali fulani jiwe lililokuwa chini ya mguu wangu lilichomoka, likaenda. Nililisikia likigonga, likigonga tena mbali zaidi, kisha kimya. Sikulisikia likifika. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, likapita juu ya bega lake.

"Mtu ajaribu jiwe kabla hajalikanyaga," alisema. Sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa na kitu ndani.

Niliomba radhi kwa jiwe lililobaki.

Halafu tukafika Kwa Mbuzi. Kila aliyewahi kupanda Posta anapajua. Pameitwa hivyo kwa sababu mbuzi ndiye kiumbe wa mwisho aliyepita pale bila kufikiri. Kulia kuna ukuta wa jabali, kushoto hakuna kitu. Hapo katikati pana ukingo, upana wake kama ubao wa dawati, urefu wake kama toka mlango wa msikiti mpaka kibla. Watu wa kijiji walikuwa wamefunga kamba ya mkonge kutoka mzizi mmoja hadi mwingine, mtu anashikilia akipita. Asubuhi ile kamba ilikuwa inaning'inia upande mmoja. Mzizi wa upande wetu ulikuwa umekwenda na maji.

Nilitazama chini. Nisingefanya hivyo. Niliona vilele vya miti, na kati ya vilele ukungu ukitembea polepole.

Nikasema, nikilitazama jabali, kwamba pengine pana njia nyingine. Mama akajibu, naye akilitazama jabali lilelile, kwamba njia nyingine ipo, inazunguka kwa nyuma, na tutafika kileleni adhuhuri.

Daktari alitaka sasa hivi. Nikapiga magoti, nikasema bismillahi, nikaanza kutambaa. Nilitambaa shavu likiwa limebanwa ukutani, nikilisikia jabali likinipumulia baridi. Mimi ni mtu wa maneno mengi, lakini pale kichwani hamkuwa na hata neno moja. Palikuwa na vidole na jiwe tu. Nilipougusa mzizi wa upande wa pili niliukumbatia kama mtu aliyerudi kutoka Makka.

Nikageuka. Mama alikuwa ameshaanza, tena kwa kusimama, uso ukutani, akisogea hatua kwa hatua, panga amelichomeka kwenye kibwebwe. Alikuwa anakuja vizuri. Alikuwa amebakiza kiasi cha urefu wa mtu mmoja kunifikia, ndipo kipande cha ukingo kikakatika.

Hakupiga kelele. Alishuka tu. Mguu mmoja ukaenda hewani, goti la pili likagonga ukingo, na mikono yake ikadaka kichaka cha majani kilichoota kwenye ufa. Panga lilichomoka likaenda zake. Nilimwona anatazama majani yale, nami nikayatazama. Mizizi yake ilikuwa inatoka mmoja mmoja, myeupe.

Nilikuwa na fimbo. Nikaulaza mwili chini, nikaitoa fimbo kwake. Nasema kweli, fimbo ndiyo niliyoitoa. Mkono wangu ulikuwa unamfikia. Lakini mbele ya macho yangu sikumwona mama peke yake, nilimwona na mtoto, amelala kimshazari, sikio ametega. Vidole viwili vilikuwa vimemgeuza. Nikimshika mkono mzima, leo hii, saa hii, na mke wangu yuko kitandani, je?

Mama aliachia jani moja akashika fimbo. Ilikuwa imelowa. Ikateleza mkononi mwake kama samaki, ikapotea chini.

Kisha akaniangalia. Tangu nioe sikuwahi kuyaona macho yake yakinitazama mimi, si kuku wala kinu. Yalikuwa macho ya mke wangu, yaleyale.

"Baba," aliniambia, "binti yangu ananingoja."

Nikamshika. Sikumshika kidole, nilimshika mikono yote miwili, juu ya vifundo, nikafunga miguu yangu kwenye mzizi, nikavuta kama navuta mkanda wa mashine uliokwama. Alikuwa mzito kuliko gunia la ufuta lililonyeshewa. Kifua changu kilisagika kwenye chokaa, vifungo vya shati vikakatika, na nikasikia ule mfuko wa chumvi ukiteleza kuelekea ukingoni. Nikaukandamiza kwa kidevu. Hivyo ndivyo nilivyokaa, mama mikononi, simu kidevuni, sijui kwa muda gani, mpaka goti lake likapata jiwe, akapanda, tukaanguka wote wawili kwenye nyasi upande wa salama.

Mama alifunga upya ushungi. Goti lake lilikuwa linatoka damu, akalifuta kwa pindo la khanga, akainuka, akaanza kupanda. Mpangilio wa nani atangulie ulikuwa umekufa. Nikamfuata nikiitazama mikono yangu. Wa kushoto ulikuwa bado unawasha. Nilikuwa nafanya hesabu mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Kama vidole viwili vilimgeuza mtoto, mikono miwili imemfanya nini? Nilijua kwamba nikifika juu nitaambiwa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sikutaka kufika.

Tulifika. Jabali la Posta lilikuwa jeusi kwa mvua, na kule mbele palipokuwa na bahari palikuwa na weupe tu. Mtandao hausimami jabali zima, unasimama pembe moja, ile ya mwisho kabisa, ambako mtu husimama na visigino kwenye jiwe na vidole vya miguu karibu na hewa. Nikaenda huko. Nikaitoa simu kwenye mfuko. Kioo kilikuwa kimepata ufa wa kidevu changu, lakini kiliwaka.

Nikapiga. Hapatikani. Nikapiga tena, ikaita, ikakatika. Nikainua mkono juu, nikazunguka kidogo kuelekea pwani, nikapiga mara ya tatu, na dada yangu akapokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Hakunisalimia. Aliniuliza mama yuko wapi.

"Yupo hapa," nilisema, na nikaweka sauti kubwa, nikainyoosha simu.

Mama alisogea mpaka pembeni kabisa, bega lake karibu na langu, akaongea na kile kioo. Kwanza tulisikia purukushani, watu, mlango, halafu mke wangu. Alikuwa anahema. Alimwita mama yake kwa namna ambayo sijawahi kumsikia akimwita, kama mtoto aliyeamka usiku. Mama akamjibu kwa Kimatumbi, maneno mengi ya haraka, na mimi niliyaelewa nusu tu: kwamba shangazi alikuwa shangazi, na yeye ni yeye; kwamba daktari ana kazi yake kama yeye alivyo na yake. Mke wangu akakataa. Akalia. Akasema anaogopa hatamwona tena.

Mama akahamia Kiswahili, nafikiri ili nami nisikie.

"Nipo juu ya Posta na mumeo. Mvua inatunyeshea. Weka sahihi, mwanangu. Mimi hapa sishuki mpaka nisikie sauti yako tena."

Kisha mke wangu, katikati ya uchungu wake wote, akauliza:

"Mmepandaje, nyie wawili?"

"Kwa miguu," mama alisema.

Na nikasikia kitu ambacho nitakufa nacho: mke wangu alicheka. Kicheko kidogo, kilichokatwa na uchungu kabla hakijaisha, lakini kilikuwa kicheko. Akasema haya, nipeni hiyo kalamu. Dada akachukua simu, akasema wanamwingiza, akakata.

Sasa hapo ndipo mlima ulipoanza kuwa mrefu. Kupanda kulikuwa na pa kushika. Kungoja hakuna. Nilibaki nimesimama kwenye ile pembe, simu juu kama mlingoti, kwa sababu nikiushusha mkono mtandao unapotea. Mkono ukachoka, nikabadili. Ukachoka wa pili, nikaushikilia kwa wa kwanza. Mama alikaa kwenye jiwe, mgongo kwangu, tasbihi ikipita vidoleni. Baada ya muda alifungua fundo la khanga, akatoa vipande vya muhogo wa kuchemsha, akaweka kimoja kwenye jiwe kati yetu, kisha akageuza uso ili nile. Sikukigusa. Chaji ilikuwa inashuka. Ukungu ulianza kufunguka upande wa pwani, bahari ikajitokeza kama bati jipya, na mimi, mtu ninayependa mandhari kuliko watalii wote waliowahi kushuka Kilwa, sikuona chochote ila kile kioo chenye ufa.

Ilipoita niliogopa kupokea. Ilibidi mama ageuke anitazame.

Hakuwa dada aliyeongea kwanza. Ilikuwa sauti nyembamba, yenye hasira, inayolia kama mashine isiyo na mafuta. Ililia muda mrefu. Kisha dada akasema ni wa kike, mzima, vidole vyote vipo. Mama yake je? Anashonwa, anaongea, ameshaanza kulalamika kwamba ana njaa. Na baada ya kusubiri kidogo akatusikilizisha sauti ya mke wangu, imechoka, nzito kwa dawa. "Mama," ilisema, "sasa shuka."

Mama alisujudu palepale juu ya jabali. Mimi nilikaa chini, nikala muhogo wangu, na wa mama pia nadhani.

Tulianza kushuka mvua ikiwa imekatika. Tulipofika Kwa Mbuzi, mama akatangulia kwa kutambaa, akalivuka pengo pale ukingo ulipokatika, akakanyaga mahali imara ng'ambo yake. Akageuka, akanyoosha mkono. Waziwazi, kiganja juu, kama mtu anayedai chenji yake.

Mimi nikaficha wangu nyuma.

Mtanishangaa, mtoto ameshazaliwa mzima. Lakini mtu aliyeamini jambo miaka yote haachi kwa asubuhi moja. Nilijiambia huyu wa kwanza amepona kwa rehema za Mungu tu, na wapo wengine watakaokuja. Nikamwambia, yaani nikaliambia jabali, kwamba nitapita mwenyewe, asijisumbue.

"Usiongee na jiwe," mama alisema. "Ongea na mimi. Una nini na mkono wangu?"

Nikavitazama vidole vyangu vya miguu.

"Tangu uje kwangu unanikimbia. Heshima naijua, nimelelewa nayo, lakini wewe unazunguka nyumba kwenye mvua. Leo nimetundikwa juu ya hewa, unanipa fimbo. Nikasema huyu kijana wa mjini ananiona mchafu."

Hapo moyo ulinidondoka kuliko lile jiwe. Nikamweleza yote, nimesimama upande wangu wa pengo, yeye upande wake: dawati, muuza kahawa, aibu ya mtoto, beseni la muhogo, kimshazari, kuku mweupe. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kubadili uso. Kisha akauliza kabila la muuza kahawa. Nikamwambia. Akafumba macho, akatikisa kichwa taratibu, na mabega yakaanza kumtikisika.

Alipoweza kuongea, aliunyoosha mkono tena.

"Mkeo naye alilala hivyohivyo tumboni mwangu," aliniambia. "Na marehemu mume wangu hakumgusa mama yangu hata siku moja. Aliponioa, mama alikuwa ameshakufa."